Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: hatuombi studio mpya, tunaomba ufunguo

Dodoma, Juni

Kwa: Makamu Mkuu wa Chuo
K.K.: (waliopaswa kuipitisha wameshaipokea mara tatu, haikufika)

YAH: STUDIO YA IDARA KUFUNGWA KWA WANAFUNZI WA SHAHADA YA TEKNOLOJIA YA MUZIKI

Shikamoo Profesa.

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Darasani tuko 31. Wiki sita kutoka leo tutakabidhi miradi yetu ya mwisho, na baadaye mwaka huu chuo kitatutunuku shahada, na karatasi utakayotupa itasema tumefuzu kurekodi, kuhariri na kuchanganya sauti. Mimi tangu nijiunge na chuo hiki nimekaa mbele ya miksa ya idara, ile meza ya kuchanganyia sauti, dakika 40. Siku yenyewe naikumbuka: Jumatano moja ya mwezi Machi, saa nane mchana, tukiwa sita, tukipokezana kiti.

Kabla ya kuandika hadharani nimeandika faraghani. Novemba nilimwandikia Mkuu wa Idara, akanijibu kwa mdomo kwamba suala liko kwenye mchakato. Januari nilimwandikia Amidi, katibu muhtasi wake akagonga muhuri wa kupokea, na habari ikaishia kwenye muhuri. Mwezi Februari tukaandika kwa pamoja, saini 27, nakala tukaitumbukiza kwenye sanduku la maoni lililo nje ya jengo la utawala. (Naomba siku moja upite ulitazame kufuli la sanduku hilo. Lina kutu mpaka ndani ya tundu la ufunguo. Nadhani maoni yetu yanalala juu ya maoni ya watu waliokwisha kupata wajukuu.) Matunda ya barua ya tatu ndiyo hizo dakika 40. Tuligawanywa makundi matano, kila kundi likaingizwa studio, likapigwa picha, likatolewa. Wiki iliyofuata tukasoma kwenye ubao wa matangazo kwamba changamoto ya studio imetatuliwa.

Profesa, haijatatuliwa. Naomba nikueleze hoja kwa hoja.

1. Ufunguo.

Studio ipo. Naanza na hilo kwa sababu kila tukilalamika tunajibiwa habari za bajeti, kama vile tunadai jengo. Ipo nyuma ya idara, ina mlango wa chuma wa bluu, na ndani mna miksa ya chaneli 16, maiki nne za kondensa, spika mbili za kusikilizia, kompyuta moja na rekoda ya mkononi ya kurekodia nje. Vyote tulionyeshwa wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza, siku ya kukaribishwa, tukapigwa picha tumevizunguka. Picha ile mpaka leo iko kwenye kipeperushi cha kuwavutia waombaji wapya. Mimi ni wa tatu kutoka kushoto, nimevaa hedifoni ambazo hazikuwa zimechomekwa popote.

Ufunguo ni mmoja, unakaa kwa mtunza stoo, na mtunza stoo ana waraka unaomkataza kufungua mpaka aone saini tatu: ya Mkuu wa Idara, ya Amidi na ya Ofisa Ugavi. Mzee wa watu simlaumu. Anafuata alichoandikiwa, na mara mbili amenipa kiti chake nikisubiri. Tatizo ni kwamba fomu ina uhai wa siku moja. Saini za leo kesho hazifai. Ijumaa moja ya Aprili nilipata saini mbili kabla ya saa nne asubuhi, nikajiona nimeshinda, nikaambiwa mwenye ya tatu amepanda SGR alfajiri kwenda Dar, atarudi Jumatatu. Jumatatu nikaanza upya na fomu mpya.

Kozi yetu ya kurekodi sauti ina krediti 12. Kwa hesabu za vyuo vikuu nchini, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, kwa hiyo kozi hiyo peke yake ni saa 120. Tuseme nusu ni mihadhara na kujisomea, bado zinabaki 60. Mimi nina dakika 40, na katika hizo, kumi zilipotea tukitafuta ekstensheni.

Kinachojaza pengo ni slaidi. Mhadhiri wetu anajitahidi sana, naomba hili lisomeke vizuri. Anaelekeza taa nyekundu kwenye picha ya kitufe, anasema, "Hapa ukizungusha utasikia sauti inavyobadilika," nasi tunaandika daftarini: sauti inabadilika. Swali hilo likaja kwenye mtihani. Nilipata A.

2. Vifaa vinavyotoka siku za Jumamosi.

Desemba nilialikwa sendofu ya binamu yangu, mtaa wa Nkuhungu. Nilikuwa nimeshika sahani ya pilau MC alipokohoa kwenye maiki, nikageuka kutazama sauti inatoka wapi. Spika mbili, kila moja juu ya meza ya plastiki. Ubavuni mwa moja kulikuwa na kipande cha plasta nyeupe kimeandikwa kwa kalamu ya wino: STUDIO 2.

Mwandiko ule ni wangu. Niliuandika mwenyewe siku ya kukaribishwa, tulipoombwa tusaidie kuweka alama.

Spika za kusikilizia studio hazikutengenezwa kupigia watu mia mbili ukumbini. Zimetengenezwa zimwambie ukweli mtu mmoja aliyekaa karibu nazo. MC wa watu hakujua hilo, akazisukuma mpaka zikaanza kukoroma kwenye besi, na watu wakacheza. Mwezi Machi, katika zile dakika 40, spika ya kulia ilikuwa inakoroma vilevile. Nani alizitoa, na alikusanya saini ngapi, nakuachia wewe uulize. Mimi ninachoona ni kwamba mlango usiofunguka kwa mwanafunzi Jumanne unafunguka kwa sherehe Jumamosi.

3. Mradi wangu wa Chamwino.

Hapa nitakaa kidogo, uniwie radhi, kwa sababu ndipo panaponiuma.

Mradi wangu ni kurekodi ilimba. Wewe umekaa Dodoma miaka mingi, unaijua: vijino vya chuma juu ya sanduku la mbao, vinapigwa kwa vidole gumba. Asichokijua mgeni ni kwamba kwenye sanduku lile huachwa kitobo, na juu ya kitobo hubandikwa utando wa buibui. Utando huo ndio unaoipa ilimba mvumo wake, ule mlio kama nyuki aliyenaswa ndani ya kibiriti, unaotembea nyuma ya kila noti. Ukiuondoa unabaki na kitu kingine. Marehemu Dakta Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliuzungusha mlio huo duniani pamoja na zeze, na rekodi zake zikatolewa na kampuni ya Real World ya Uingereza. Kwa hiyo ukitaka kusikia ilimba ya Mgogo iliyorekodiwa vizuri, inabidi uanze kutafuta Uingereza, wakati Chamwino ni mwendo wa Hiace moja kutoka mjini na kila mwaka huwa na tamasha la muziki wa Wagogo. Nikaona hapo pana mradi wa shahada. Jopo likakubali pendekezo, tena likalisifu.

Niliomba rekoda ya idara. Ofisa mmoja akaniambia, "Binti, hivi vitu vizito, utaviweza?" Rekoda ya mkononi, Profesa, ina uzito wa muhindi wa kuchoma. Na Chamwino kwenyewe ngoma za muheme wanazopiga ni wanawake, wamezibana katikati ya mapaja, jua la saa saba, vumbi hadi magotini.

Saini hazikutimia, nikaenda na simu.

Babu aliyenipokea aliitikia salamu yangu ya Kigogo cha kuokoteza kwa ukarimu nisioustahili. Nilimsalimia "Mbukwenyi" kama vile yuko na wenzake kumi, akacheka, akaniketisha chini ya mti. Akaanza kuiandaa ilimba. Alivisukuma vijino mbele na nyuma, kimoja kimoja, anapiga, anasikiliza, anasukuma tena. Alipoona utando wa zamani umechanika akabandika mpya, taratibu, kama mtu anayebandika stempu kwenye barua ya mkwewe. Kisha akaniuliza, "Mashine iko wapi?" Nikamwonyesha simu. Akaitazama, akanitazama. "Wageni walikuja na mashine kutoka mbali," akasema. "Wewe wa chuo cha hapa jirani umekuja na simu?"

Nilirekodi saa nzima. Upepo wa mwezi Mei unaujua. Lakini upepo haukuwa shida kubwa. Nilijikinga na khanga. Shida ilikuwa simu yenyewe. Simu imetengenezwa kwa maongezi. Ndani yake mna programu inayotafuta mlio unaoendelea usio na maneno, kama feni au injini, na kuupunguza ili sauti ya mtu isikike. Mvumo wa utando wa buibui simu iliuchukulia kama feni. Nilipofika hosteli nikasikiliza, nikasikia vijino vya chuma tu, vikavu, tik tik tik, kama mtu anagonga vijiko. Kitu ambacho babu alikibandika kwa uangalifu ule wote, simu ilikifuta.

Mwanzoni mwa mwezi huu niliwasilisha rasimu. Jopo likaandika: "Mlio mkavu. Hauna mvumo unaotajwa kwenye andiko." Alama 8 kwa 20. Naomba nieleweke: jopo halikukosea. Nilichowachezea haikuwa ilimba. Ninachouliza ni kama alama hizo 12 nilizokosa ni zangu mimi au ni za kabati.

Kuhusu kabati, nina la kuongeza. Siku ile ya Machi niliifungua rekoda. Nailoni ya kiwandani ilikuwa bado imegandamana na kioo chake. Nikafungua sehemu ya betri. Betri zilizowekwa siku ya maonyesho, mwaka wetu wa kwanza, zilikuwa zimevuja. Unga mweupe umeshika mpaka kwenye springi. Tunaambiwa tukipewa vifaa tutaviharibu. Hicho hakuna mwanafunzi aliyekigusa, na kimeharibika.

Kuna jambo lingine la mradi huu ambalo masomo yetu hayajaligusa kabisa. Muziki wa Wagogo hufuata ngazi ya milio ya asili, ile inayopatikana uzi mmoja ukigawanywa mara mbili, tatu, nne na kuendelea. Mlio wa saba wa ngazi hiyo uko chini ya ule wa kinanda kwa takriban senti 31, karibu theluthi ya nusu toni, yaani ya hatua iliyopo kati ya vitufe viwili vya kinanda vinavyofuatana. Programu ya kunyoosha sauti, ukiiacha kama ilivyotoka kiwandani, itamshika mwimbaji wa Chamwino na kumvuta hadi kwenye kinanda, halafu msikilizaji atadhani mwimbaji alikuwa anakosea na mashine imemsaidia. Namna ya kuizuia isifanye hivyo huijui kwa slaidi. Unaijua kwa kukaa, kuchezea, kuharibu, kurudia. Chuo kilicho katikati ya Ugogo kikishindwa kufundisha hili, sijui tunategemea chuo cha wapi.

4. Chumba chenyewe.

Siku ile nilichukua vipimo kwa tepu ya cherehani ya mama. Studio ni mraba: mita 4.1 kwa mita 4.1. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo chumba cha urefu huo hupenda mitetemo kama 42 kwa sekunde, na kikiwa mraba huipenda mara mbili, kwa urefu na kwa upana. Uzi mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi una mitetemo 41. Maana yake kila mpiga besi akigusa uzi ule chumba kinanguruma, mchanganyaji anadhani besi imezidi, anaipunguza, na wimbo ukitoka nje hauna besi kabisa.

Dawa iliyowekwa ni trei za mayai ukutani. Wimbi la mitetemo 42 lina urefu wa mita nane. Trei ya mayai ina unene wa vidole vitatu. Inapunguza kidogo ukali wa sauti za juu, besi haina habari nayo, na moto ukitokea itawaka kama karatasi kwa sababu ni karatasi. Hapa siombi kubomoa ukuta. Wanafunzi wa fizikia na sisi tungeweza kuzijaza pembe nne za chumba vitu vizito vyenye nyuzinyuzi kwa wikendi moja na tukapima kabla na baada, na hilo lingekuwa somo zuri kuliko yote niliyosoma hapa. Ila tungehitaji kuingia.

5. Mchango wa vitendo.

Kila muhula tunalipa shilingi 80,000 za vifaa vya vitendo. Usipolipa hupati kadi ya mtihani, na wengi wetu bumu (mkopo wa wanafunzi) likiingia pesa hiyo ndiyo ya kwanza kutoka. Nikihesabu sisi 31 tuliobaki tu, bila waliodisko (walioondolewa kwa kufeli) na walioghairi, kwa mihula sita ni shilingi 14,880,000. Sisemi zimeliwa. Nasema sijaona hata betri mbili.

6. Programu.

Kompyuta ya studio inatumia programu ya kurekodia iliyovunjwa, ile ya kupakuliwa bila kulipia. Na darasani tulisoma Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Tulicheka, kisha tukanyamaza. Zipo programu halali za bure, Audacity ni mojawapo, na kwa kuanzia zinatosha.

Profesa, majibu yanayokuja nayajua, kwa kuwa nimeshayapokea.

Nitaambiwa vifaa vitaibiwa. Tupeni daftari la kukabidhiana, namba ya usajili, na mwanafunzi atakayepoteza kebo azuiwe matokeo mpaka ailipe. Maabara ya kemia ina vitu vya hatari kuliko maiki na wanafunzi wake wanaingia.

Nitaambiwa umeme. Ukikatika umekatika, tutasubiri urudi, kama tunavyosubiri kwenye mihadhara. Rekoda inatumia betri.

Nitaambiwa kwamba maprodyuza wa mtaani hawakusoma shahada na wanatoa nyimbo. Kweli kabisa, na wengine ni rafiki zangu, wako Chang'ombe na Majengo, hapahapa mjini. Kijana wa Chang'ombe anafungua kompyuta yake saa tatu usiku, anaifunga adhana ya alfajiri. Kwa wiki moja anakuwa amekaa na mashine muda mrefu kuliko darasa letu zima kwa miaka mitatu. Hoja hiyo, ukiitazama vizuri, inanisaidia mimi.

Nitaambiwa bajeti. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilimkabidhi mhadhiri kijana wa fizikia, Wallace Sabine, tatizo la ukumbi wa mihadhara wa Fogg. Neno moja likitamkwa humo lilibaki likizunguka kwa sekunde tano na nusu, wanafunzi hawaambulii kitu. Hakujengewa maabara. Alikuwa na filimbi ya kinanda cha kanisani, saa ya kupimia, na mito ya viti aliyoihamisha kutoka ukumbi wa jirani wa Sanders. Alifanya kazi usiku wakati kumetulia, na asubuhi vipindi vilipoanza mito ilikuwa imesharudishwa. Kutokana na usiku zile akapata kanuni inayounganisha ukubwa wa chumba, vitu vinavyofyonza sauti na muda wa mwangwi. Kanuni hiyo ilikuwa swali la tatu la mtihani wetu wa muhula uliopita. Sijui mhadhiri yule angefanya nini kama ukumbi wa Fogg ungehitaji saini tatu za siku moja.

Na nitaambiwa nimekichafulia chuo jina. Hili limeninyima usingizi kuliko mengine yote, kwa sababu mdogo wangu ameomba kujiunga hapa mwaka huu, na aliyemshawishi ni mimi. Jina la chuo sijaliandika popote katika barua hii. Wanaojua wanajua, na wewe unajua.

Ninachoomba, kwa niaba ya wenzangu walionipa ridhaa, ni hiki.

Waraka wa saini tatu ufutwe. Saini ya mhadhiri wa kozi itoshe, ichukuliwe mara moja kwa muhula. Zichongwe nakala mbili za ufunguo. Fundi wa pale Sabasaba anachonga kwa dakika kumi na gharama tutachanga. Studio iwe wazi kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 4 usiku, kwa ratiba iliyobandikwa mlangoni, mzee wa stoo akitoka kazini ufunguo ushikwe na mwanafunzi aliyechaguliwa na darasa.

Kifaa chochote cha studio kisitoke nje ya chuo kwa shughuli isiyo ya masomo. Kama chuo kinataka kukodisha muziki kwa harusi kinunue spika za harusi.

Hesabu ya mchango wa vitendo ya miaka hii mitatu ibandikwe kwenye ubao uleule uliotangaza kwamba changamoto imetatuliwa.

Sisi wa mwaka wa tatu tunaomba wiki mbili za nyongeza kabla ya kukabidhi miradi, na kila mmoja aruhusiwe kurudia kurekodi kwa vifaa vya idara. Hatuombi alama za huruma. Jopo libaki lilelile, lenye masikio yaleyale.

Jibu naomba liwe la maandishi, kabla ya mwisho wa mwezi huu. Likija la mdomo nitalishukuru na nitaendelea kusubiri la maandishi.

Babu wa Chamwino alinitumia ujumbe kwa mjukuu wake wiki iliyopita kuuliza kama nimepata mashine. Nimemjibu kwamba liko kwenye mchakato, nikaona aibu kwa kujisikia nikilitamka neno hilo. Springi za rekoda nimeulizia kwa fundi redio, anasema unga ule unasafishika kwa siki na mswaki wa meno. Fomu nimeijaza upya leo asubuhi na iko mezani kwa katibu muhtasi wako. Ina nafasi za saini tatu kama kawaida. Chini yake nimechora mstari wa nne kwa rula, nikaandika cheo chako.

Wako mtiifu,

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Teknolojia ya Muziki
(jina na namba ya usajili vimo katika barua zangu za Novemba na Januari, zilizogongwa muhuri ofisini kwenu)

Nakala:
Serikali ya Wanafunzi
Wenzangu 30
Mzee wa stoo, kwa heshima na shukrani za kiti